Mjadala: Jiji liwatengee fungu vijana wanaoutafiti mji, au wajijue wenyewe?

Mpimaji_Makorora: Wana Tanga, habari za jioni. Vijana wetu wanaosomea mipango miji na jiografia wakitaka kuutafiti mji huu hawana pa kushika. Chuo kinatoa barua, hakitoi nauli. Bomba la mafuta linakuja kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, viwanja vinauzwa kila uchao, na anayeandika habari hizo ni mgeni wa miezi mitatu. Halmashauri haiwezi kuwatengea chochote hawa chipukizi?

Mzee wa Barabara ya 12: Mwanangu, watafiti ni ule msemo wetu wa Tanga: waja leo waondoka leo. Wanakunywa kahawa yetu, wanatuuliza kama tuna choo, kisha hao Dar. Ripoti hatuioni.

Chuma_Mkonge: Mzee kamaliza. Na Tanga kuna nini cha kutafiti? Tumeitwa jiji tangu 2006 na bado ni mji wa baiskeli na wazee wa bao.

Binti Raskazone: 2005, si 2006. Na baiskeli zimekukosea nini? Mji tambarare, mtu anatoka Mabawa mpaka sokoni bila kudaiwa nauli na konda. Wewe umekuja lini Tanga?

Chuma_Mkonge: Nina miaka kumi hapa! Kwa hiyo na mimi ni mja leo?

Mzee wa Barabara ya 12: Ndiyo maana yake. Waja leo kwa nia ya kuondoka leo, mji ukakunasa. Miaka kumi unaaga tu.

Kahawa Chungu: Hapo hapana, mzee. Msemo ule ni wa treni. Reli ilianza kujengwa hapa 1893, Dar hawajui hata filimbi inaliaje. Watu wakishuka asubuhi na mizigo, jioni wamepanda. Baba alikuwa mtu wa reli, alitueleza.

Mzee wa Barabara ya 12: Mkata tiketi na misemo wapi na wapi?

Kahawa Chungu: Mzee, tuheshimiane. Marehemu umwache alale.

Mpimaji_Makorora: Jamani, mada ni watafiti.

Kahawa Chungu: Mada itangoja. Aombe radhi kwanza.

Mzee wa Barabara ya 12: Haya, radhi. Lakini treni siyo.

Dodoso: Shikamooni. Mtafiti mnayemsema ni mimi. Barua ya chuo niliipeleka mkoani, mkoa ukanituma wilayani, wilaya katani, kata mtaani. Ofisi moja, siitaji jina, muhuri ulikuwepo ila mwenye ufunguo wa droo kaenda msibani Lushoto. Siku nne. Kopi za madodoso nimelipa kwa hela ya kusukia, ndiyo maana mliniona na kitambaa kichwani mwezi mzima. Saa 12 asubuhi nipo kona ya Barabara ya 9 nahesabu baiskeli: vijiti vinne, cha tano nakatiza. Nikienda kujisaidia, mama wa vitumbua ananihesabia kwa kokoto, anazitia kwenye kopo la Kimbo.

Binti Raskazone: Maskini shoga! Chuma, umesoma hapo?

Chuma_Mkonge: Nimesoma. Si kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ya wanawake, vijana na wenye ulemavu? Aunde kikundi akachukue.

Mpimaji_Makorora: Ule ni mkopo, ndugu. Mwenye cherehani atashona arudishe. Tasnifu irudishe nini, kokoto?

Chuma_Mkonge: Ndiyo nauliza! Kama hairudishi kitu, kwa nini nilipie mimi na ushuru wangu wa soko?

Mzee wa Barabara ya 12: Marahaba, mjukuu. Choo uliuliza?

Dodoso: Niliuliza, babu. Lilikuwemo kwenye dodoso.

Mzee wa Barabara ya 12: Basi hizo baiskeli zilikuwa ngapi? Nataka nimwoneshe huyu Chuma.

Dodoso: Daftari limelowa na mvua ya masika, babu. Za asubuhi zinasomeka, za jioni wino umetambaa. Nikipata nauli ya kutoka Dar nitarudia.

Mzee wa Barabara ya 12: Chuma, mtumie mtoto nauli.

Chuma_Mkonge: Mimi tena?

Kahawa Chungu: Aje kwa treni.