Tupeane uzoefu: mbwa kulala kwenye kreti, nani ameweza?

MamaPacha_Lanet
Hamjambo wapenda mbwa. Tumechukua kijibwa cha aina ya jamani shepadi, kina miezi mitatu. Mume wangu ameapa kikikojoa tena kwenye zulia la sebuleni, mmoja wao atahama. Basi fundi wa juakali akatuchomea kreti ya nondo na wavu, safi kabisa. Shida ni usiku. Kikifungiwa kinalia mpaka keyateka anakuja kugonga. Waliopitia haya mlifanyaje? Na nyinyi wa "mbwa alale nje" piteni tu, huku kwetu jamani shepadi akilala nje asubuhi utampata anauzwa mtaa wa Free Area.

Kijana_FreeArea
Sisi tumewakosea nini, mama?

Omera_Kondele
Kreti ni kubwa kiasi gani? Anzia hapo. Yetu ilichomwa na fundi wa Kibuye, akaturefushia ati mbwa atakua. Mbwa akawa analala kona hii na kukojoa kona ile, kama mpangaji wa bedsita. Tukakata ubao tukazuia nusu, shida ikaisha. Apate nafasi ya kusimama wima, kugeuka na kujinyoosha, basi. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, ila ukimpa uwanja ataupanga vyumba. Ubao unausogeza kadiri anavyokua.

Nyar_Ahero
Ubao ndio siri. Tuko pamoja.

MzeeWaNjoro
Nimesoma nikacheka. Mbwa wa kulala sebuleni atalinda nini? Boma langu mbwa hufungwa kwenye kibanda asubuhi, huachiliwa saa mbili usiku, na hakuna mwizi amewahi kuruka ua.

MamaPacha_Lanet
Mzee, nilisema mpite 😅

Shangazi_Webuye
Heshima yako mzee, lakini hao mbwa wako nawajua bila kuwaona. Hawajaona mtu mgeni tangu wakiwa wadogo, kwa hiyo kila mtu ni mwizi: mwenye kuleta maziwa, mwalimu wa watoto, hata binti yako akirudi kutoka chuo. Mbwa mdogo akishatimiza kama wiki 14 hivi bila kuzoezwa watu, watoto, pikipiki na kelele, kumrekebisha baadaye ni kazi ya miezi. Mimi nilirithi mmoja wa aina hiyo kutoka kwa marehemu kaka. Hadi leo mjukuu wangu akija lazima apigiwe simu kwanza nimfunge mbwa.

MzeeWaNjoro
Binti yangu wanamjua.

Shangazi_Webuye
Sawa mzee.

Daktari_Mifugo_Bungoma
Mama Pacha, kwa hesabu ya haraka mbwa wa miezi mitatu anaweza kushika mkojo saa tatu hadi nne, si usiku kucha. Kwa hiyo kilio cha saa nane usiku huenda ni haja ya kweli. Mtoe, akojoe mahali palepale pa kila siku, umsifu hapo hapo, umrudishe bila michezo wala taa kubwa. Chakula cha jioni kiwe mapema. Mchana mlishe ndani ya kreti mlango ukiwa wazi, aingie na kutoka apendavyo, ndipo uanze kuufunga kwa dakika chache ukiwa umekaa karibu. Na kreti isiwe mahali pa adhabu. Ukimtupa humo kila anapotafuna kiatu, jioni hataingia. Akichafua zulia, usimsugue pua kwenye mkojo. Atajifunza kukuogopa na kwenda kukojoa nyuma ya kochi. Safisha kwa siki na maji. Sabuni zenye amonia zinanukia kama mkojo wenyewe, zinamwita arudi. Halafu, amechanjwa? Miezi mitatu ndio wakati wa sindano ya kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, huanza mapema zaidi na hurudiwa hadi karibu wiki 16. Kabla haijakamilika mbebe akaone dunia, usimshushe palipojaa mbwa wa mtaa.

Omera_Kondele
Mimi kilio nilikipuuza. Usiku tatu nne ngumu halafu kimya. Ukienda kila akilia umemfundisha kwamba kulia kunalipa.

Nyar_Ahero
Mimi nilikisogeza kreti kando ya kitanda nikawa nashusha mkono anunuse. Alinyamaza usiku huohuo. Baadaye nikawa naisogeza kuelekea mlangoni kidogo kidogo.

Kijana_FreeArea
Weka redio ya Ramogi usiku kucha. Akisikia matangazo ya vifo atalala mwenyewe.

Bi_Milimani_Ksm
Mnazungumzia kulala, mimi nizungumzie kufundishwa. Tulimlipa jamaa mmoja anayejiita mwalimu wa mbwa. Akamchukua mbwa wetu, akamrudisha akitwambia amehitimu. Kwa yule jamaa mbwa anaketi, analala, anangoja chakula mpaka aruhusiwe. Kwetu? Anatutazama tu. Binti yangu ndiye aliyegundua: mimi nasema "kaa", baba yake anasema "keti", watoto wanasema "siti", na mfanyakazi anapiga makofi. Mbwa afuate nani? Tukakubaliana neno moja, nyumba nzima. Tukaanza upya na omena. Omena kavu, jamani, msinunue vile vidonge vya bei ghali vya supamaketi. Vunja kipande kidogo, makalio yakigusa tu chini unampa papo hapo. Ukichelewa hata kidogo ameshasimama, na umemlipa kwa kusimama. Vipindi vifupi, dakika tano zinatosha, kabla hajashiba. Yule mwalimu nasikia alikuwa anatumia fimbo, ndiyo maana mbwa alikuwa "mtiifu" mbele yake.

MzeeWaNjoro
Omena ya binadamu unampa mbwa na uchumi huu.

Bi_Milimani_Ksm
Mzee, ni kichwa cha omena. Wewe hukitupa?

MzeeWaNjoro
Situpi.

Mulamwa_Khayega
Sikutaka kuandika lakini hii mada imenikumbusha mbwa wetu Bosco. Huyu alizoea kreti vizuri kabisa, analala humo hata mlango ukiwa wazi. Siku hiyo tulikuwa na mazishi Vihiga, nyumba ikaachiwa kijana wa shamba. Kijana naye akaona afadhali amfungie Bosco kwenye kreti stoo, aende kuangalia mpira sokoni. Wenyeji wa Kakamega mnajua mvua yetu: asubuhi jua, saa tisa mbingu inapasuka. Stoo ni mabati matupu bila dari. Jirani anasema radi ya kwanza ilipopiga alisikia mbwa akipiga yowe ambalo hajawahi kulisikia kwa mnyama. Alitamani kuja lakini umeme ulikuwa unatembea juu ya ua. Tuliporudi tulikuta nondo mbili zimepinda, damu mlangoni, jino la mbele limevunjika liko sakafuni, na Bosco hayupo. Mke wangu alikaa chini palepale na nguo za matanga. Tulizunguka na tochi mpaka mtoni tukiita. Nitamalizia, ng'ombe wanaita.

Nyar_Ahero
Unamalizia LINI? Alipatikana?

Omera_Kondele
Mulamwa usitufanyie hivyo.

Kijana_FreeArea
Huyo ng'ombe akamuliwe na mtu mwingine.

MamaPacha_Lanet
Nami nilikuwa nataka kuuliza kuhusu blanketi ila sasa namsubiri Bosco.

Mulamwa_Khayega
Nimerudi. Sasa, kuna mwalimu mkuu mstaafu, mtaa wa pili, adui nambari moja wa Bosco. Alikuwa ametushtaki kwa chifu kwamba mbwa anabweka wakati wa taarifa ya habari. Nyumba hiyo tuliiruka makusudi tukiwa tunatafuta. Kulipopambazuka akatutuma mtoto: "Mwalimu anasema njooni mchukue mali yenu." Tulimkuta Bosco chini ya kitanda cha mwalimu, amefunikwa koti la mvua, kinywa kimevimba. Mzee alikuwa ameketi sakafuni, redio juu, akimsomea gazeti. Alituambia mbwa aligonga mlango kwa kichwa katikati ya radi akaona si haki kumfukuza. Jino la pili daktari alilazimika kuling'oa. Kesi ya chifu iliisha, lakini sasa wingu likijikusanya tu Bosco anakwenda kwa mwalimu bila kuaga.

Bi_Milimani_Ksm
Gazeti la siku gani? 😂

Shangazi_Webuye
Huyo mwalimu ana mke?

Mulamwa_Khayega
Mjane. Shangazi, wewe tulia.

Shangazi_Webuye
Nauliza tu.

Daktari_Mifugo_Bungoma
Kabla hatujaingia posa: mbwa anayeogopa radi HAFUNGIWI, hata kama kreti anaipenda siku nyingine. Akishikwa na hofu atavunja meno na kucha akitafuta pa kutokea. Acha mlango wa kreti wazi, uifunike blanketi juu na pembeni, iweke chumba cha ndani chenye dari, mbali na mabati. Mtu awepo. Kumbembeleza hakumzidishii woga. Hofu ikizidi kuna dawa, mwone daktari kabla ya msimu wa mvua. Jino likivunjika hadi ndani pasionekane ni jambo dogo, linauma na linaingiza usaha.

MamaPacha_Lanet
Basi hilo la blanketi limejibiwa. Tumeweka ubao, na jana usiku nilimtoa saa nane, akakojoa, akarudi kulala. Mume wangu hakuamka. Swali lingine: nikienda kazini akae humo mchana kutwa?

Daktari_Mifugo_Bungoma
Hapana. Huyo mdogo, saa tatu mfululizo tayari ni nyingi. Tafuta mtu wa kumtoa saa sita, au umzungushie kiuzio kidogo uani.

MzeeWaNjoro
Mimi nina swali. Nina mmoja amejifunza kula kuku wa jirani. Huyo anafundishwaje?

Omera_Kondele
Mfungie mchana.

MzeeWaNjoro
Anafungiwa. Kuku wanaingia kibandani wenyewe kuokota ugali.

Kijana_FreeArea
Basi mzee fundisha kuku.