Mjadala: Kesi ya Ghailani, na swali la iwapo taifa la kidemokrasia linaweza kutesa kihalali

Wakili wa Jioni
Waheshimiwa, naleta swali lililonikaa rohoni tangu niliporudia kusoma kesi ya Ahmed Khalfan Ghailani, kijana wa Unguja aliyeshtakiwa New York kwa milipuko ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Alikamatwa Pakistani, CIA, shirika la ujasusi la Marekani, wakamficha katika magereza yao ya siri, kisha mwaka 2006 wakampeleka Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani huko Kuba. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 2010, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi mkubwa wa mashtaka, Mtanzania aliyedaiwa kumuuzia baruti, kwa kuwa jina la shahidi huyo lilitoka kinywani mwa mshtakiwa kwa kulazimishwa. Mwishowe baraza la waamuzi likamtia hatiani kwa kosa moja tu kati ya makosa mia mbili na themanini na kitu. Swali langu ni hili: je, nchi yenye bunge, mahakama na uchaguzi inaweza kumtesa mtu na bado ikahesabiwa kuwa imo ndani ya sheria na uadilifu? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1984, ambao Marekani iliuridhia mwaka 1994, unasema hakuna hali yoyote, hata vita, inayohalalisha utesaji, na Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(e), nayo inapiga marufuku mtu kuteswa. Naomba tujadili kwa hoja.

Mama wa Ngara
Ndugu Wakili, umeandika "milipuko" kana kwamba ni fataki za mwaka mpya. Mimi siku ile nilikuwa kazini katika jengo la jirani na ubalozi wa Nairobi. Kwanza tulisikia kishindo kidogo, nasi, kama binadamu yeyote, tukaenda dirishani kutazama kuna nini, na tulipokuwa tumesimama pale ndipo kishindo chenyewe kikaja na kioo chote kikatuingilia. Mimi nilikuwa nyuma ya mwenzangu wa meza ya pili, aliyekuwa mrefu kuliko mimi. Hajaona tena tangu Ijumaa hiyo. Nairobi walikufa 213 na Dar es Salaam 11, na ninyi mnaniuliza iwapo aliyehusika alilala vizuri huko alikofichwa.

Mkunazini
Pole, dada yangu, na Mungu amsaidie mwenzako. Lakini Wakili atueleze maana ya "kijana wa Unguja". Likitokea jambo la fahari huwa ni la Tanzania nzima, likitokea jambo la aibu hurudishwa kisiwani kwa boti ya jioni. Kama ni lazima tutajwe, basi atajwe na Suleiman Abdallah Salim, Mtanzania, mvuvi, aliyekamatwa Mogadishu mwaka 2003 na kupelekwa Afghanistan katika gereza la CIA lililokuwa na giza la usiku na mchana na muziki usiozimwa. Baada ya miaka mitano aliachiwa akiwa na karatasi inayosema kwamba yeye si tishio. Yeye na wenzake waliwashtaki James Mitchell na Bruce Jessen, wanasaikolojia waliobuni mbinu za mahojiano za CIA na ambao kampuni yao ililipwa dola milioni 81, na mwaka 2017 shauri likamalizwa kwa maelewano kabla halijasikilizwa. Naomba niulize kwa adabu: huyu alimlipua nani?

Afande Mstaafu
Nimefanya kazi ya upelelezi miaka 27 na sikusoma uadilifu katika vitabu. Mtuhumiwa sugu hasemi mpaka aguswe kidogo, na kuguswa si kuteswa. Mnaopenda kunukuu mikataba nipeni jibu la swali jepesi: lori limekwisha kupakiwa baruti, liko njiani, na anayejua njia yake amekaa mbele yako anatabasamu. Utamsomea ibara? Tena nasema kwamba Wamarekani walikosea jambo moja tu, nalo ni kumpeleka mtu huyo katika mahakama ya kiraia.

Mwalimu Kidawa
Afande, kitenzi "gusa" hakikukosea kitu hata ukitwike kazi ya "piga". Mchezo huu wa maneno Wamarekani waliucheza kwa barua rasmi. Waraka wa Wizara ya Sheria wa Agosti 2002 ulidai kwamba maumivu hayawi utesaji mpaka yalingane na yale ya kiungo cha mwili kushindwa kufanya kazi, au ya kifo. Kwa kipimo hicho, Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulizi ya Septemba 11, 2001, alifungwa ubaoni, kitambaa kikawekwa usoni na maji yakamiminwa mara 183 katika mwezi mmoja wa Machi 2003, na ofisini yakaandikwa kuwa ni mahojiano. Nakuuliza kama mtu anayeheshimu lugha: mara ya ngapi kuguswa hugeuka kuwa kitu kingine?

Afande Mstaafu
Mwalimu asinifundishe Kiswahili cha kituoni, maana kila kazi ina lugha yake. Na kwa kuwa ameanza yeye, atuambie alikuwa akiwagusa kwa nini wachelewaji aliowapanga mstarini kila Jumatatu. Au fimbo ya mwalimu ni malezi na ya askari ndiyo dhambi?

Mwalimu Kidawa
Nilichapa, Afande, na ipo siku moja ninayoijutia ambayo sitaieleza hapa. Lakini sikumchapa mtoto hata mmoja ili aseme jibu ambalo mimi mwenyewe nimekwisha kuliandika ubaoni.

Mkunazini
Hapo mwalimu amemaliza.

Afande Mstaafu
Hajamaliza chochote. Amekimbia swali la lori.

Msafiri wa Minneapolis
Naomba nilijibu mimi, kwa kuwa naishi huku na kodi yangu ndiyo iliyolipa. Ibn al-Sheikh al-Libi, mtuhumiwa kutoka Libya, alibanwa huko Misri alikopelekwa na CIA, akasema kwamba Iraki iliwafundisha al-Qaeda matumizi ya silaha za sumu, na Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo, akayapeleka maneno hayo mbele ya Baraza la Usalama. Baadaye al-Libi aliyakana yote, akasema aliyatoa ili wamwache. Kwa hiyo lori tulilipata, Afande, ila lilikuwa la uongo na tukalifuata mpaka Baghdad. Hata hivyo nitaitetea nchi hii kwa jambo moja: ilijisahihisha. Januari 22, 2009, Rais Obama alipiga marufuku mbinu zile, na Desemba 2014 Kamati ya Seneti ikachapisha muhtasari wa ripoti yake, ikakiri kwamba kati ya watu 119 walioshikiliwa, angalau 26 hawakustahili kushikwa hata kwa masharti ya CIA yenyewe. Nitajieni dola nyingine iliyojianika hivyo.

Mjukuu wa Mwea
Kujianika si kujisahihisha. Agosti 2012 Wizara ya Sheria ilifunga uchunguzi wa vifo vilivyotokea mikononi mwa CIA bila kumshtaki mtu, na mmojawapo alikuwa Gul Rahman, aliyekufa kwa baridi akiwa amefungwa mnyororo sakafuni, nusu uchi. Sisi wa huku tunaijua demokrasia ya namna hiyo tangu Waingereza. Bunge lao lilikuwa likikutana London kama kawaida siku ya Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, Kenya, walikofungiwa washukiwa wa Mau Mau, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai walikunywa maji mabaya. Miaka miwili kabla ya hapo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Griffith-Jones, alikuwa ameandika kwamba ikiwa ni lazima kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Babu yangu alikuwa katika kambi nyingine. Alikuwa hakai na mlango mgongoni kwake, hata kanisani. Fidia ya mwaka 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, ilikuja naye amekwisha kuzikwa, ikiambatana na masikitiko ya serikali yao bila kukubali kuwajibika kisheria.

Msafiri wa Minneapolis
Lakini Jaji Kaplan je? Alimkataa shahidi huku nchi nzima ikimtazama.

Wakili wa Jioni
Alimkataa, nami namvulia kofia. Ila katika uamuzi uleule aliandika pia kwamba hata Ghailani angeonekana hana hatia, huenda angeendelea kushikiliwa kama mfungwa wa vita mpaka mapigano yaishe. Mlango ulifunguliwa huku ukuta umejengwa nyuma yake.

Nirudi kwa Afande. Niliwahi kumtetea karani mmoja aliyeshtakiwa kwa upotevu wa fedha za ofisi, na ushahidi wote ulikuwa ni maelezo ya onyo, yaani ungamo lililoandikwa na polisi, aliyoyatoa kituoni. Tuliyapinga, ikafanyika kesi ndani ya kesi, kupima kama aliyatoa kwa hiari. Hakimu alikuwa mama mtaratibu, hakuwa na haraka. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akamwuliza mpelelezi kwa nini mtu ambaye kazi yake ni kuandika kutwa nzima ameweka dole gumba badala ya saini. Mpelelezi akajibu kwamba ndivyo mtuhumiwa alivyopenda. Maelezo yalikataliwa, karani akaachiwa, na fedha hazikupatikana mpaka leo, maana baada ya kumpata wa kukiri hakuna aliyejisumbua kumtafuta mwizi.

Afande Mstaafu
Si kila dole gumba lina kisa nyuma yake. Wapo wanaojua kuandika na wanachagua dole gumba kwa woga wao tu, wakidhani ndivyo serikali inavyotaka. Mnawavua nguo askari wote kwa karatasi moja. Bado nasubiri jibu la lori, na mwenye haki ya kulijibu ni Mama wa Ngara peke yake.

Mama wa Ngara
Afande, nakuomba usinitumie. Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu nilikwenda kusoma hayo aliyoyaandika Wakili kuhusu makosa, na sasa najua idadi kamili: 285. Katika hayo, 224 yalikuwa ya mauaji, moja kwa kila aliyekufa. Yote hayo aliachiwa. Kosa pekee alilopatikana nalo, lililompa kifungo cha maisha Januari 2011, ni kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Majengo, Afande. Nimewazika watu wanne wa ofisi moja, na kwenye karatasi ya mahakama yaliyobaki ni majengo.

Na hilo lori unalonidai halikuwa njiani. Mtu huyo alikamatwa Julai 2004, karibu miaka sita baada ya Ijumaa ile. Nilitaka shahidi asimame, aulizwe, ajibu, nami nisikie. Nani aliwatuma watu wa CIA waniharibie kesi yangu?

Msafiri wa Minneapolis
Dada, kwa haki, kosa hilo moja lilitosha kumfunga maisha.

Mama wa Ngara
Sikuulizia kifungo.

Mkunazini
Na hadi sasa Wakili hajakifuta kile cha "kijana wa Unguja".

Wakili wa Jioni
Nimekubali kosa, Mkunazini. Ningeandika "Mtanzania".

Mwalimu Kidawa
Afande amekuwa kimya. Nami sikutaka iwe ugomvi wa fimbo. Kama nimekukosea, niwie radhi.

Afande Mstaafu
Hujanikosea, Mwalimu. Wakili, naomba unisaidie jambo moja tu. Sikuulizi kituo. Shauri la yule karani lilikuwa la mwaka gani, na je, mkono wake ulipona?

Wakili wa Jioni
Mwaka 1991, Afande. Siku hizi anaandika kwa mkono wa kushoto.