Mtu wa akupancha asomee muda gani?

Kiuno Kigumu: Wakuu, mgongo unanitesa tangu mwaka jana. Jirani kanielekeza kwa mtu wa akupancha, ile tiba ya Kichina ya kudunga sindano, cheti kakitundika ukutani kikubwa kuliko dirisha. Namuuliza kasomea muda gani, ananiambia wiki sita! Mtu wa hivyo aruhusiwe kudunga watu? Hata fundi umeme wa mtaani kamzidi shule.

Daktari Mwanagenzi: WHO walitoa mwongozo 1999: asiye daktari asome saa 2,500, daktari saa 200 zinamtosha. Ila Wajerumani waliwapima wagonjwa wa mgongo zaidi ya 1,100, majibu yakatoka 2007. Waliodungwa kwenye pointi zenyewe, zile sehemu za mwili akupancha inazolenga, asilimia 47.6 walipata nafuu baada ya miezi sita. Waliodungwa juu juu, nje ya pointi, 44.2. Wa matibabu ya kawaida, 27.4. Sasa saa 2,500 anasomea nini, kama kukosea pointi ni sawa na kupatia?

Fundi Waya: "Hata" fundi umeme? Hiyo "hata" ni ya nini? Nimekaa chuo cha ufundi VETA miaka mitatu.

Bi Mkubwa Unguja: Wanangu, huku kwetu madaktari wa Kichina wapo tangu 1964. Marehemu mama alidungwa magotini, akaanza kushuka ngazi mwenyewe. Hizo asilimia zenu hazikumwona.

Daktari Mwanagenzi: Shikamoo bibi. Huenda hata angedungwa pembeni angeshuka.

Bi Mkubwa Unguja: Marahaba. Ngazi ulizipanda wewe?

Kobe Mzee: Nyie mnabisha nini, kuna mwandishi wa Marekani alipasuliwa kidoletumbo Beijing bila ganzi, sindano tupu!

Nesi wa Zamu: Huyo ni James Reston, 1971. Ganzi alichomwa ya kawaida kabisa. Sindano zilikuja baada ya upasuaji, tumbo lilipomsumbua. Na wewe Mwanagenzi, saa hizo mtu anasomea mapafu yako yalipo. Ukizamisha sindano vibaya kifuani unatoboa pafu, hewa inavuja, mgonjwa anahema kama kakimbizwa. Hilo halipo kwenye asilimia zako. Kiuno, kabla hujavua shati muulize usajili wake wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Cheti cha ukutani hata steshenari wanachapa.

Fundi Waya: Bado nasubiri maelezo ya ile "hata".

Kobe Mzee: Fundi naye! Juzi mmoja wenu kanifungia feni, nikibonyeza swichi inawaka taa ya chooni.

Fundi Waya: Ulimlipa shilingi ngapi? Sema ukweli mbele ya watu.

Kobe Mzee: Elfu tano na soda.

Fundi Waya: Basi umepata cha elfu tano na soda.

Daktari Mwanagenzi: Jamani, tulikuwa kwenye pointi.

Kiuno Kigumu: Fundi, yaishe, ile "hata" naifuta. Ila soketi ya jikoni kwangu inatoa cheche tangu Jumapili, na kuinama siwezi. Unapatikana wapi?