Mfadhili anataka kutulipia nesi wa shule mwaka mmoja. Tumkubalie?

Mwalimu wa Afya (Newala)

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za kazi. Nafundisha shule ya msingi huku vijijini Newala, na ualimu wa afya nilibandikwa tu kwa kuwa nilisoma baiolojia. Sanduku la huduma ya kwanza nililokabidhiwa lina bandeji moja, mkasi wenye kutu na panado. Zahanati iko kilomita saba, boda elfu tatu, mvua ikinyesha elfu tano.

Wiki jana nilimwona mtoto wa darasa la tatu anaandika kwa mkono wa kushoto, na namjua si mashoto. Kumwita, vidole vya kulia vimebabuka. Alikuwa anachoma korosho na bibi yake kwenye debe, mafuta ya ganda yakamrukia. Siku mbili kanyamaza. Nilimwosha kwa ndoo ya maji ya kunywa ya darasa zima (shida ya maji ya huku juu mnaijua), nikampakia boda. Nauli na dawa mfukoni kwangu.

Sasa kuna kijana aliyesoma hapa zamani, yuko Dar na wenzake, wamejichanga wamwajiri nesi akae shuleni. Laki nne kwa mwezi, mwaka mmoja. Mwalimu mkuu anashangilia, kamati nayo. Mimi nasita, na nikiulizwa sababu sina. Waliowahi kupata ufadhili wa hivi, ilikuwaje?

Mkorosho

Nesi wa bure unamsitia? Sisi Nanyamba tunamtafuta kwa tochi. Mlete huku.

Bibi Nesi (Masasi)

Marahaba mwanangu. Sababu unazo, hujazitamka tu. Kabla sijastaafu niliona shule moja ikipewa nesi wa mfadhili. Miezi kumi na minne, hela ikakatika bila hata barua. Watoto waliendelea kwenda kusukuma ule mlango, wanaukuta umefungwa, wanarudi darasani na homa zao. Na wazazi walikuwa wameshaacha mazoea ya zahanati.

Halafu huyo nesi bosi wake nani? Mwalimu mkuu atamkagua mahudhurio, kazi yenyewe hawezi kumkagua. Dawa atachukua kwa nani? Akikosea dozi, kesi ya nani?

Fanyeni hivi. Mwombeni mganga mfawidhi, yule mkuu wa zahanati, awape muuguzi wake siku moja kwa wiki. Wiki za shule ni kama arobaini kwa mwaka. Boda kwenda na kurudi elfu sita, posho elfu kumi: laki sita na arobaini basi. Wao wanataka kutoa milioni nne na laki nane! Hiyo inayobaki iwe ya matibabu. Mtoto chini ya miaka mitano msamaha anao, akiingia darasa la kwanza umekwisha, na hapo ndipo mama anaanza kufunga kidonda kwa kipande cha kanga akisubiri mnada wa korosho.

Mjumbe wa Kamati (Ruangwa)

Nakazia kwa Bibi. Ila hela ya matibabu isiingie akaunti ya shule, itamezwa na chaki na umeme. Ruzuku yenyewe ya serikali ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake inakatwa kwa vitabu. Zahanati ina akaunti yake na kamati yake, ipelekwe huko, ninyi mbaki na daftari la nani katibiwa nini.

Mkorosho

Haya, nafuta kauli. Lakini Nanyamba bado tunamtaka.

Mwalimu wa Afya (Newala)

Asante Bibi, asante mjumbe. Jana nimekwenda kwa mganga mfawidhi. Ana wauguzi wawili, mmoja yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo ahadi ni Alhamisi kila baada ya wiki mbili mpaka mwenzake arudi. Jumanne haiwezekani, ni kliniki ya watoto.

Kijana wa Dar nimempigia. Hakufurahi sana, nadhani walishawaza picha ya nesi mwenye sare getini. Amesema atawauliza wenzake. La daftari amelipenda, anataka atumiwe kila mwezi.

Vidole vinakauka, kesho anatolewa bandeji. Mwalimu mkuu hajanisemesha tangu jana asubuhi.