Nitaongeaje Mkunguni watu wanielewe?

Asalam aleikum, naombeni ushauri jamani. Wavuvi wa BMU yetu (kikundi cha kusimamia ufuo) hapa Lamu wamenichagua niwasemee kwenye mkutano pale Mkunguni mbele ya ngome, ni mambo ya fidia ya bandari ya Lamu, ile shilingi bilioni 1.76 mahakama iliyoamua 2018 wavuvi walipwe, maana wazee wengi bado hawajaielewa vizuri na inaniuma sana. Barazani naeleza sawa tu ila nikishika maiki pumzi inakata, naenda mbio, mwisho wa sentensi sauti inashuka inachukuliwa na upepo, wa nyuma hawapati kitu. Nisome karatasi ama nishike pointi tatu tu kichwani? Na mtu akinikatiza kwa hasira nimjibu palepale au nimalize kwanza? Mliozoea majukwaa nisaidieni, hasa hiyo ya pumzi.