Salmonella ya mtoto na ya kuku zimefanana, je ni ileile?

mwanafunzi_maabara: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada, niko masta mwaka wa mwisho. Nimeotesha bakteria wa Salmonella kutoka damu za watoto waliolazwa, nyingine nimetoa kwenye mavi ya kuku na maji ya mtaro mtaa huohuo. Kwenye XLD (chakula cha kuoteshea bakteria kwenye sahani) zote zimeota vile vidoa vyekundu vyenye weusi katikati, mapacha kabisa, na kwa kipimo cha seramu, nyingi zimesoma aina ya Typhimurium. Supavaiza anasema hiyo haitoshi kusema kuku ndo wamewaambukiza watoto, eti nitaipu jeni, yaani nitofautishe koo zake kwa DNA. Nitumie PFGE (kulinganisha vipande vya DNA kwenye jeli), MLST (kusoma jeni chache) au jenomu nzima (kusoma DNA yote)? Mfuko umetoboka.

kipipeti: Yuko sahihi. Serotaipu za Salmonella (aina zinazotofautishwa kwa seramu) ziko zaidi ya 2,500, ila kusema Typhimurium ni kama kusema anaitwa Juma, mtaani kwako kuna akina Juma wangapi? PFGE achana nayo, unakata DNA na kimeng'enya XbaI unasubiri jeli usiku kucha, mimi plagi (kipande cha jeli chenye bakteria) ilishanichanikia nikaanza upya nikiwa nalia. Hata PulseNet ya Marekani, mtandao wa maabara za kufuatilia milipuko ya magonjwa ya chakula, iliyojengwa juu ya PFGE ilihamia jenomu nzima 2019.

Mama Bakteria: Anza na MLST, jeni 7 tu. Watoto wakitoka ST313 na kuku ST19 (ST ni namba ya ukoo inayotoka kwenye MLST) umeshapata jibu bila kuuza simu. ST313 ndo inayosumbua damu za watoto huku Afrika, hasa wenye malaria, utapiamlo au HIV, na jenomu yake ina jeni kibao zilizokufa, kidogo inaelekea tabia za Typhi ya binadamu, ile ya taifodi. Wenzetu Kenya walishalinganisha za watoto na za mifugo ya nyumbani kwao, nyingi hazikufanana, zilizofanana zilikuwa za watu wa nyumba hiyohiyo. Sasa wewe choo cha mama wa mtoto na ndugu zake ulichukua?

mwanafunzi_maabara: Duh. Hata kimoja. Wiki 3 nimekimbizana na kuku tu.

kipipeti: 😂😂 pole mkuu

Mama Bakteria: Basi zikigongana ST chagua chache upeleke jenomu nzima uhesabu SNP (herufi mojamoja za DNA zinazotofautiana). Na hata zikikaribiana sana usirukie kuandika mtaro umemwambukiza mtoto, maana huo mtaro unapokea maji ya chooni kwao, huenda yeye ndo aliyeupelekea. Na kabla hujaanza kugonga milango ya watu na vikopo vya choo rudi kwanza kamati ya maadili, kibali chako kinasema kuku.