Zawadi kwa mtoto na kitabu cha injili juu yake: huu ni msaada au chambo?

Kibatari
Wadau naomba tujadili hili bila matusi kama inawezekana (najua haiwezekani). Kuna haya mashirika ya dini yanayogawa zawadi kwa watoto, maarufu kuliko yote ni ule mradi wa maboksi ya viatu, Operation Christmas Child, ulianzia Wales 1990 halafu Samaritan's Purse, shirika la Kikristo la mhubiri wa Marekani Franklin Graham, wakauchukua 1993, na mpaka sasa washapita maboksi milioni 200. Ndani unakuta penseli, mdoli, mpira, sabuni. Anayefungasha ni familia fulani huko Marekani au Uingereza, anaongezea na hela ya usafiri, basi roho yake kwatu. Likishafika kule linagawiwa kwenye mkusanyiko wenye mahubiri, mtoto anapewa na kitabu kidogo cha injili, halafu anaalikwa kwenye kozi ya masomo 12, akimaliza anapata cheti na Agano Jipya. Wenyewe hawafichi, wanasema wazi wanataka watoto wamjue Yesu. Sasa mimi siulizi dini gani nzuri. Nauliza mtoto wa miaka 6 ambaye kwao ni Waislamu au Wahindu au hawana dini kabisa, umempa mdoli na sala kwa mpigo mmoja, hapo yeye kakubali nini? Na mzazi kaulizwa na nani?

Fundi_Saa
Mtoto kapata mdoli wewe umepata presha. Kunywa maji mkuu.

MjukuuWaKasisi
Kibatari ulivyoliweka hilo swali ushalijibu tayari kwenye kichwa cha habari, "chambo", kwa hiyo usijifanye unauliza. Hakuna mtoto anayeambiwa okoka ndio upewe boksi, boksi anapewa kwanza, anayetaka kusikiliza anasikiliza na asiyetaka anaenda kucheza mpira wake. Wanaotoa wanatoa kwa sababu ya imani yao, ukiwatoa imani na maboksi hayapo. Nyie mnaojiita hamna dini mmegawa maboksi mangapi mpaka leo? Na jambo lingine niliseme wazi, mtu mwenye dini imara hahami kwa penseli. Anayehama kwa penseli alikuwa anaitafuta penseli tangu zamani.

UstadhWaMtandao
Umesema kweli bila kujua. Hilo Yesu mwenyewe kashawasema watu wake, Yohana 6:26, "mnanitafuta, si kwa sababu mliona ishara, bali kwa sababu mlikula ile mikate mkashiba". Kumbe mnajua kabisa wanafuata mikate halafu mnahesabu mavuno!

NyotaYaJioni
MjukuuWaKasisi rudia hiyo ya penseli. Mama yangu alibadili dini tukiwa wadogo, mume kaondoka, mdogo wangu anaumwa, waliokuja mlangoni ni watu wa kanisa, wakaleta dawa, wakaleta nguo, wakarudi tena na tena wakati ndugu zetu wa damu wamepiga kimya. Akawafuata. Amesali na hao watu mpaka leo na hajawahi kukosa ibada. Sasa huyo naye alikuwa anatafuta penseli? Nijibu kama mwanaume.

MjukuuWaKasisi
Dada yangu sikumsema mama yako, na huyo wako ndio mfano mzuri wa ninachosema, aliona upendo akaufuata.

NyotaYaJioni
Usimgeuze mama yangu mfano wako. Dakika tano zilizopita alikuwa mtafuta penseli sasa amekuwa ushuhuda?

Fundi_Saa
😂😂 penseli imevunjika

BintiWaAlhamisi
Nyota pole lakini na wewe umejibu swali la Kibatari bila kutaka. Mama alikuwa ni mtu mzima, hata kama alibanwa na shida aliamua yeye. Mtoto wa miaka 6 anaamua nini? Ila pia jiulize, kama wale watu wa kanisa wangeleta dawa ile ile wakanyamaza kuhusu dini, mama angekuwa wapi leo. Simaanishi vibaya.

NyotaYaJioni
"Simaanishi vibaya" halafu unamaanisha vibaya. Nyie wote mnamjadili mama yangu kama mchango wa harusi, kila mtu na dau lake. Muulizeni yeye. Nilimuuliza mimi siku moja, akaniambia njaa ilinifungulia mlango lakini haikuniweka ndani. Sasa endeleeni.

Mwalimu_Mstaafu
Vijana, jambo hili ni la zamani kuliko maboksi. Ireland kwenye ile njaa kubwa ya viazi, 1845 mpaka 1852, walikuwepo wahubiri wa Kiprotestanti waliofungua majiko ya supu na shule, Mkatoliki mwenye njaa akitaka supu akae asome Biblia yao, pengine ahame kabisa. Waliohama waliitwa "waliokunywa supu", na jina hilo likawaganda mpaka kwenye ukoo, wajukuu wananyooshewa vidole. Muda huo huo kulikuwa na Waquaker, nao Wakristo, nao walipika supu, ila hawakumhubiria mtu. Mpaka leo Waireland wanawataja kwa heshima. Kwa hiyo mnaosema ukiitoa injili msaada unakufa, hao waliuendesha wenye imani hasa na mdomo wakaufunga. Halafu mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine wakaandika mwongozo wa maadili, kifungu cha 3 kinasema msaada hautatumika kusukuma msimamo wa kisiasa wala wa kidini. Mashirika mengi ya kanisa yamesaini, World Vision wamo.

MjukuuWaKasisi
Mwalimu shikamoo. Ireland wote ni Wakristo, huo ulikuwa ugomvi wa nyumba moja, hauhusiani na hapa.

UstadhWaMtandao
Sasa kama kwenye nyumba moja walinunuliana kwa supu, sisi majirani tutapona?

Jicho_la_Pili
Mwalimu umekisoma kifungu nusu. Mwongozo huo huo unasema shirika lina haki ya kuwa na msimamo wake wa dini, kinachokatazwa ni kuufunga msaada na masharti ya kuikubali imani fulani. Na kingine, ule ni mwongozo wa misaada ya majanga. Boksi la Krismasi sio janga, hakuna anayekufa kwa kukosa mdoli. Kwa hiyo swali gumu lipo upande wa pili, kwa anayetoa. Mtoto wa shule Uingereza anaambiwa afungashe boksi kwa ajili ya mtoto maskini, je anajua linaenda kuwa mwanzo wa kozi ya dini? Palikuwa na kelele sana kule kuhusu wazazi kutoambiwa. Hapo anayedanganywa ni mtoaji.

Fundi_Saa
Mi nina swali la kiufundi. Kwenye boksi mswaki upo, mbona dawa ya meno haipo?

BintiWaAlhamisi
Walipiga marufuku dawa ya meno na pipi, mambo ya forodha.

Fundi_Saa
Yaani injili inapita forodha dawa ya meno inakamatwa?

Kiatu_Kimoja
Pipi walizitoa ndio maana hawahitaji dawa ya meno, mambo yamejibana yenyewe.

BintiWaAlhamisi
Mswaki na chumvi inatosha, wazee wetu walisugua na mti wakafa na meno yao yote. Msitukane mswaki.

MjukuuWaKasisi
Mnacheka lakini hicho kiboksi kuna mtoto hajawahi kupewa kitu chenye jina lake maisha yake yote.

Kibatari
Jamani Jicho_la_Pili kasema jambo la maana hapo juu kuhusu anayetoa, limepita hivi hivi mnajadili meno.

UstadhWaMtandao
Mimi naongelea jambo moja tu. Huyo Franklin Graham 2001 baada ya mashambulizi ya Septemba aliuita Uislamu dini mbaya na ovu sana, hadharani, kwenye televisheni. Halafu huyo huyo anampelekea mtoto wa Kiislamu zawadi. Wewe mtu akikutukania baba yako asubuhi jioni akuletee kashata utakula?

Kiatu_Kimoja
Inategemea na kashata.

MjukuuWaKasisi
Ustadh wewe ndio wa mwisho kuongea. Zaka yenu mafungu ni 8, Qurani sura ya Tawba aya ya 60, la 4 ni la nani? Wa kutiwa nguvu nyoyo zao. Hela ya kuvutia nyoyo za watu imeandikwa kabisa kwenye kitabu! Sisi tunatoa penseli mnapiga kelele, nyie mna fungu rasmi.

UstadhWaMtandao
Ahsante kwa kuleta elimu nusu mkate. Hilo fungu kwanza lilikuwa la wakubwa, machifu, watu wazima wenye akili zao na majeshi yao, sio watoto wa chekechea. Pili, Umar, khalifa wa pili, aliwakatalia hao hao, akasema Uislamu sasa una nguvu hatuwahitaji, na Mahanafi, moja ya madhehebu yetu, wanasema fungu hilo limesimama. Na upande wa kulisha masikini soma sura ya Al-Insan, "Hakika sisi tunakulisheni kwa wajihi wa Mwenyezi Mungu. Hatutaki kwenu malipo wala shukrani". Hatutaki hata shukrani, sembuse kozi ya masomo 12.

MjukuuWaKasisi
Na sisi tunayo, Mathayo 10:8, mmepata bure, toeni bure. Aya wote tunazo. Nakuuliza kwenye mazoea, hakuna mashirika ya Kiislamu yanayochimba kisima na kujenga msikiti pembeni? Anayekuja kuchota maji haoni msikiti?

UstadhWaMtandao
Kuona jengo na kukalishwa darasani ni kitu kimoja? Wewe bwana.

Mwalimu_Mstaafu
Ustadh hapo usikwepe, ni swali halali. Na kwa MjukuuWaKasisi, masharti si lazima yaandikwe. Mwaka 2001 El Salvador baada ya matetemeko, Samaritan's Purse hao hao, gazeti la New York Times liliripoti wanavijiji wanakaa kwenye ibada ya nusu saa kwanza ndipo waonyeshwe namna ya kujenga vibanda vya muda, na sehemu ya hela ilikuwa ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, yaani kodi za Wamarekani wa dini zote. Hakuna aliyeambiwa ukitoka hupewi. Lakini wewe nyumba imeanguka, mwenye mabati anasali, utaondoka? Ndiyo maana 2004 USAID waliandika kwenye kanuni kwamba shughuli ya ibada itengwe na msaada wa serikali, kwa muda au kwa mahali.

Kiatu_Kimoja
Nusu saa tu? Mi harusini nakaa masaa matano kusubiri pilau na hakuna aliyeandika gazetini.

Jicho_la_Pili
Na Aceh kule Indonesia mmesahau, tsunami ya Desemba 2004, kuna shirika la Marekani lilitangaza litawaweka yatima 300 wa Kiislamu kwenye nyumba ya malezi ya Kikristo Jakarta. Habari ilipotoka wakaacha mpango. Sasa hapo hata MjukuuWaKasisi sijui atasema nini.

MjukuuWaKasisi
Nitasema hilo ni baya, yatima hahamishwi dini kwa sababu wazazi wamekufa maji. Umeridhika? Lakini usichukue yatima 300 ambao hawakuhamishwa ukawapiga nao watu milioni wanaofungasha maboksi kwa moyo safi.

Mgawaji
Nimesoma kimya toka mwanzo ila mmenichosha. Mimi nagawa hivyo vitu na kikundi chetu, sitaji jina. Tunatangaza kabla, wazazi wanakuja wenyewe na watoto, wa dini zote. Neno linatangulia, kama dakika 20, zawadi baadaye. Hatumlazimishi mtu yeyote.

BintiWaAlhamisi
Kwa nini neno litangulie? MjukuuWaKasisi kasema boksi linatolewa kwanza.

Mgawaji
Ukitoa zawadi kwanza wanaondoka.

UstadhWaMtandao
HAHAHA tumefunga mjadala

MjukuuWaKasisi
Hicho ni kikundi chake, sio wote wanafanya hivyo.

Mgawaji
Ustadh usicheke, na wewe ukialika watu futari unaanza na mawaidha au na tende?

UstadhWaMtandao
Tende! Mtu kafunga kutwa nimuanzie mawaidha? Unaijua futari wewe?

Kibatari
Mgawaji ndugu yangu nashukuru umekuwa mkweli kuliko sisi wote humu. Geuzeni basi. Zawadi kwanza, na mzazi aambiwe mlangoni baada ya hapo kuna mahubiri, anayetaka abaki. Mkibaki na watoto kumi badala ya mia mbili, hao kumi ndio wenu.

Mgawaji
Na wanaotuma wanataka picha ya mia mbili. Hilo nalo mngeliongelea badala ya kunicheka mimi niliyesimama juani. Picha ndio inaleta maboksi ya mwakani.

BintiWaAlhamisi
Ngoja, mnawapiga picha watoto? Wazazi wanaulizwa?

Mgawaji
Wanafurahi kupigwa.

BintiWaAlhamisi
Sijauliza kama wanafurahi.

NyotaYaJioni
Picha ya mdogo wangu akiwa mgonjwa ipo kwenye kalenda yao mpaka leo, kifua wazi mbavu zinahesabika. Yeye sasa ni baba wa watoto wawili. Dini ya mama sina ugomvi nayo, ila hiyo picha nilishaandika barua mara nyingi itolewe na sijajibiwa. Mgawaji, zenu mnaziweka wapi?

Mgawaji
Tunatuma kwa kiongozi. Baada ya hapo sijui zinaenda wapi.

Fundi_Saa
Kibatari fungua uzi mwingine wa picha, huu umejaa.